Gari na Mlima: Wasafiri Mbele ya Sikukuu ya Santa Rosalia

Katika mwezi wa Ramadhani wa mwaka 580 wa Hijria, sawa na Desemba 1184 ya Miladia, meli iliyotoka Akka na abiria wa dini mbili ilivunjika karibu na mji wa Messina, kwenye mlango wa bahari unaokitenga kisiwa cha Sisilia na bara la Italia. Miongoni mwa waliookoka alikuwemo katibu mmoja kutoka Granada, Ibn Jubayr, aliyekuwa akirejea kwao baada ya kuhiji. Wenye mashua walidai malipo kwanza ndipo wawavushe watu hadi nchi kavu, na Waislamu maskini hawakuwa na kitu mkononi. Mfalme William wa Pili, Mkristo wa ukoo wa Wanormani, alikuwapo Messina siku hizo. Alitoka mwenyewe kuja kuitazama meli, akaamuru watu hao watolewe rubai mia moja za kulipia nauli ya roho zao. Basi Ibn Jubayr akaendelea na safari hadi Palermo, naye amefunga, na huko ikamkuta Krismasi.

Aliyoyaona siku hiyo aliyaandika bila kuficha kilichomvutia wala kilichomchukiza. Aliingia katika kanisa lililojengwa na amiri wa bahari George wa Antiokia, akazishangaa kuta zake za dhahabu na madirisha yake ya vioo, kisha akamwomba Mungu alijaalie jengo lile siku moja liadhiniwe. Aliwaona wanawake wa Kikristo wakienda kanisani wamevaa kama wanawake wa Kiislamu: wamejitanda, wamevaa hariri yenye nyuzi za dhahabu, wamejipaka hina na manukato, na ndimi zao ni fasaha. Alikiri kwamba tamasha lile ni fitina kwa nafsi, akajikinga kwa Mola wake. Siku chache baadaye alikuwa Trapani, magharibi ya kisiwa, na Idi ikaandama. Waislamu wa pale walikwenda kusali na kurudi kwa ngoma na baragumu, na safari hii mshangao wake ulikuwa juu ya Wakristo waliowaacha wafanye hivyo. Katika muda usiotimia wiki mbili, mtu mmoja alikuwa mtazamaji wa sikukuu ya wenziwe, kisha akawa mwenye sikukuu anayetazamwa na wenziwe. Si wasafiri wengi waliopata kuonja pande zote mbili kwa mkupuo mmoja.

Palermo ya leo bado inabeba majina ya enzi hiyo. Barabara kuu inayoushuka mji kutoka jumba la wafalme hadi baharini wenyeji huiita Cassaro, nayo ni qasr ya Kiarabu, neno lile lile lililotupa sisi kasri. Mtaa wa kando ya bandari huitwa Kalsa, yaani al-Khalisa. Na ni katika barabara hiyo ya Cassaro, kila Julai, ndipo hupita gari la mtakatifu ambaye Ibn Jubayr hakumtaja hata kwa neno moja, ingawa kwa hesabu ya mapokeo alikuwa amefariki yapata miaka 18 tu kabla ya ziara yake.

Mapokeo hayo yasema kwamba Rosalia alikuwa binti wa mtu mkubwa aliyeitwa Sinibaldo, mwenye nasaba na jumba la kifalme. Aliikimbia ndoa na anasa, akakaa pangoni katika milima ya Quisquina, kisha katika pango la Monte Pellegrino, mlima wa mawe unaoisimamia Palermo upande wa kaskazini, na humo akafa peke yake karibu na mwaka 1166. Katika karne nne na nusu zilizofuata jina lake lilikuwa dogo. Mji ulikuwa na wasimamizi wake wengine wanne, wanawake wote: Agata, Cristina, Ninfa na Oliva. Kilichombadilishia Rosalia daraja ni maradhi.

Tarehe 7 Mei 1624 iliingia bandarini Palermo meli iliyotoka Tunis, imechukua zawadi pamoja na mateka wa Kikristo waliokombolewa utumwani. Palikuwa na shaka kwamba mlikuwa na ugonjwa ndani yake. Hata hivyo iliachwa iteremshe watu na shehena. Haukupita muda mrefu ila tauni ikawa imekwisha kuingia mitaani. Makamu wa mfalme wa Hispania, Emanuele Filiberto wa Savoy, aliyekuwa ndiye mwenye amri, alikufa kwa tauni hiyo tarehe 3 Agosti.

Mtu mmoja alinaswa ndani ya mji huo kwa bahati tu. Anthony van Dyck, mchoraji wa Antwerp mwenye umri wa miaka 25, alikuwa ameitwa kuja kuichora sura ya makamu huyo wa mfalme. Kazi aliimaliza, na tarehe 12 Julai alikwenda kumwamkia bibi Sofonisba Anguissola, mchoraji mashuhuri wa zamani ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha nuru. Siku tatu baadaye, tarehe 15 Julai, watu waliokuwa wakichimba katika pango la Monte Pellegrino walitoa mifupa iliyogandamana na mawe. Mwezi uliofuata, huko Quisquina, waashi walikuta maandishi ya Kilatini yaliyochongwa mwambani, yakisema kwa ulimi wa Rosalia mwenyewe kwamba aliamua kukaa humo kwa ajili ya kumpenda Bwana wake. Van Dyck alibaki Palermo hadi mwaka uliofuata, akamchora huyu mtakatifu mpya mara kadhaa: msichana mwenye nywele za dhahabu zilizomwagika mabegani, malaika wamemzunguka, na chini yake mji na mlima wake. Sura hiyo ndiyo waliyoizoea watu hadi leo. Mchoro mmojawapo uko katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York. Ulipopigwa eksirei, chini ya rangi ilionekana sura nyingine iliyoanzwa na kuachwa, nayo ni sura ya van Dyck mwenyewe. Yamkini ni uhaba tu wa vitambaa vya kuchorea katika mji uliofungwa. Hata hivyo jambo lenyewe limebaki kuwa hivyo: uso wa mgeni uko chini ya uso wa mtakatifu.

Askofu mkuu, Kardinali Giannettino Doria, hakuwa na haraka. Aliunda tume ya madaktari na wanateolojia, na mifupa ikachunguzwa miezi kadhaa huku watu wakizikwa. Yapasa kulikumbuka hili, maana baadaye watakuja wageni watakaodhani kwamba wao ndio wa kwanza kuuliza mifupa ile ni ya nani. Kilichoukata mjadala, kwa masimulizi ya mji, si madaktari ila mtengeneza sabuni. Vincenzo Bonelli alikuwa amefiwa na mkewe kijana. Mwezi wa Februari 1625 alipanda Monte Pellegrino na majonzi yake. Wengine husema alipanda ili ajitupe chini. Huko, alisema, alitokewa na Rosalia, akamwambia kwamba mifupa ni yake kweli, na kwamba ikitembezwa mjini tauni itaondoka. Bonelli naye alishuka akiwa mgonjwa, akayasema hayo kwa padre wake, akafa. Mwezi huo huo mifupa ikathibitishwa, na tarehe 9 Juni 1625 ikachukuliwa kwa maandamano makubwa mitaani.

Mji uliokuwa umekatazwa kukusanyika ukakusanyika. Ugonjwa haukukatika siku hiyo moja, kama masimulizi yapendavyo kusema. Ulipungua, ukainua kichwa tena, kisha ukaondoka. Kwa watu wa Palermo hesabu hiyo haikuwa na uzito. Walikuwa wameahidi na walikuwa wamepewa, na sasa walikuwa wakidaiwa. Mwaka 1630 Papa Urban wa Nane alimwingiza Rosalia katika orodha ya watakatifu ya Roma kwa siku mbili: tarehe 15 Julai, siku ya kupatikana mifupa, na tarehe 4 Septemba, siku ya kufa kwake. Kwa hiyo Palermo ina sikukuu mbili za mtu mmoja. Ya Julai iko barabarani. Wenyeji huiita Festino, yaani sikukuu ndogo, jina la mzaha kwa kitu kikubwa kiasi kile. Ya Septemba iko mlimani. Wasafiri karibu wote walikuja Julai.

Aliyeifanya Festino ijulikane Ulaya nzima ni Mskoti, Patrick Brydone, aliyefika Palermo mwaka 1770 akiwa mlezi wa kijana wa ukwasi katika safari ya kujielimisha, kama ilivyokuwa desturi ya matajiri wa Uingereza. Barua zake alizichapisha mwaka 1773, nazo zikasomwa mno. Humo mna maelezo ya gari la Rosalia ambayo mtu akiyasoma mara moja hayasahau. Urefu wake futi 70, upana 30, na kimo chake kilizidi futi 80, hata likazipita paa za nyumba za Cassaro. Chini lilikuwa na umbo la jahazi la vita la Kirumi. Juu yake jukwaa la wapiga muziki waliopangwa kwa ngazi. Nyuma yao kuba lililobebwa na nguzo sita. Na juu ya kuba, sanamu kubwa ya fedha ya mtakatifu. Lilivutwa na nyumbu 56, wale wazaliwa wa punda na farasi, wakiongozwa na wapanda-nyumbu 28 waliovaa nguo za dhahabu na fedha, na manyoya ya mbuni kwenye kofia zao. Sherehe ilichukua siku tano. Palikuwa na mbio za farasi wasiopandwa na mtu, palikuwa na fataki baharini, na usiku kanisa kuu liliwashwa mishumaa ambayo Brydone aliitaja kuwa 20,000.

Brydone hakuwa mtu wa dharau. Alipendezwa, akasema amependezwa, na hilo si dogo kwa Mprotestanti wa karne ile. Aliuliza habari za Rosalia, akasimuliwa kwamba alikuwa mpwa wa Mfalme William yule yule wa Ibn Jubayr, na kwamba mifupa yake ilizungushwa mara tatu kando ya kuta za mji ndipo tauni ikakoma. Hayo aliyanakili kwa kejeli nyepesi ya mtu mwenye elimu. Lakini kurasa zake nyingi zimekwenda kwa gari, taa na fataki; kwa wale wanaolitazama gari amebakisha sentensi chache tu, na nyingi kati ya hizo ni juu ya watu wa tabaka la juu waliomkaribisha. Alikuwa mgeni wa makabaila, akalitazama gari pamoja nao. Ukubwa wa gari aliupima kwa futi. Kwa nini mji maskini umejengea mifupa jahazi refu kuliko nyumba zake, hilo hakulipima.

Jibu lilikuja mwaka 1783, na halikutoka kwa msafiri. Makamu wa mfalme wakati huo alikuwa Domenico Caracciolo, mtu aliyekuwa balozi Paris na aliyezungumza na wanafalsafa wa huko, na ambaye mwaka 1782 alilifuta Baraza la Inkwizisheni katika Sisilia. Mwezi wa Februari 1783 tetemeko la ardhi liliibomoa Messina pamoja na sehemu kubwa ya Calabria. Caracciolo aliona ni upuuzi kuchoma fedha kwa fataki wakati nusu ya kisiwa i katika kifusi, akaamuru Festino ipunguzwe kutoka siku tano hadi tatu. Kwa hesabu za ofisini amri hiyo haikuwa na kosa. Mji haukuikubali. Maneno yaliandikwa ukutani kumwambia achague: sikukuu au kichwa chake; na katika lugha yao maneno hayo mawili, festa na testa, yametengwa na herufi moja tu. Suala lilifika kwa mfalme Naples, na siku tano zikarudishwa.

Ni rahisi kumcheka kila mmoja katika kisa hiki, umati wenye hamu ya fataki na bwana mkubwa mwenye hamu ya akili. Lakini watu wale hawakuwa wakigombea starehe peke yake. Nadhiri iliwekwa na mji mzima wakati wa kufa, na aliyeiweka hayuko tena kuulizwa kama anakubali ipunguzwe. Na tena, aliyetaka kuipunguza alikuwa mgeni kwao, mtu wa Naples, aliyetumwa na serikali iliyokaa ng'ambo ya bahari. Tetemeko lilikuwa sababu njema. Hata hivyo kwa Wapalermo lilikuwa pia ndilo lililofanya nadhiri isiguswe mwaka ule kuliko mwaka mwingine wowote. Caracciolo, mtu mwerevu, alilichukua jambo la deni akalifanya jambo la gharama.

Miaka minne baadaye alikuja msafiri aliyekosea majira. Johann Wolfgang von Goethe alifika Palermo mwezi wa Aprili 1787, miezi mitatu kabla ya Festino, na hivyo gari hakuliona. Badala yake alipanda mlima. Monte Pellegrino kwake ulikuwa rasi nzuri kuliko zote duniani, na pangoni alikuta mahali palipoachwa karibu kama palivyokuwa. Mbele kuna ua wa kanisa, nyuma yake mwamba mtupu. Maji hudondoka kutoka darini mchana na usiku, na ili waumini wasilowe, mifereji ya risasi imetandazwa huku na huko juu ya vichwa, imepakwa rangi ya kijani iliyochakaa, hata Goethe akaiona kama dungusikakati zimeota ndani ya pango. Kando, nyuma ya wavu wa shaba, kwa mwanga wa taa, akaona sanamu ya msichana amelala, macho nusu yamefumba, kichwa kimeegemea mkono. Uso na mikono ni marumaru. Vazi lake ni la dhahabu. Hakuwa mtu wa kupiga magoti, lakini alikaa pale kwa muda mrefu, akarudi mjini usiku umeingia. Alichokistahi ni kwamba hakuna aliyejaribu kulifunika pango kwa fahari. Kwa mtu aliyetoka Ujerumani kuja kutafuta mahekalu ya Wagiriki na Warumi, hilo lilikuwa tokeo asilolitarajia. Kati ya wageni wote mashuhuri wa Rosalia, aliyeikosa sikukuu ndiye aliyemkaribia zaidi.

Baada yake kuna kisa ambacho Waingereza hupenda kukisimulia. William Buckland, mtaalamu wa miamba na mifupa ya kale wa Oxford, alioa Desemba 1825, akaenda na mkewe Ulaya bara kwa fungate. Walipofika Palermo, yasemekana, aliitazama mifupa ya Rosalia, akatamka papo hapo kwamba ni mifupa ya mbuzi. Kisa kimepita vitabu vingi. Kimetoka upande mmoja tu, upande wa Buckland na jamaa zake, na Buckland mwenyewe alikuwa mpenda mizaha. Kwa hiyo kisichukuliwe kama ripoti ya maabara. Lakini hata kikiwa kweli tupu, hakigusi pale ambapo mcheshi alidhani kimegusa. Shaka ya mifupa ilikuwapo Palermo miaka 200 kabla yake, katika tume ya kardinali, wakati ambapo jibu lilikuwa na maana ya kufa au kupona. Mji uliijua shaka hiyo, ukaamua.

Katika karne ya 19 Festino ilipatwa na misukosuko ya siasa na ya hazina, na gari kubwa likakosekana kwa miaka mingi. Lilirudishwa mwaka 1896, na miongoni mwa waliolishughulikia alikuwa Giuseppe Pitrè, daktari wa Palermo aliyezaliwa katika mtaa wa mabaharia. Alipokwenda kuwatibu maskini aliwauliza pia hadithi zao, nyimbo zao na desturi zao, akazikusanya katika juzuu nyingi; kitabu chake juu ya sikukuu za wasimamizi wa miji ya Sisilia kilitoka mwaka 1900. Pitrè hakuwa na haja ya kupima gari kwa futi. Alijua nani alimpa mtakatifu kitu gani na kwa ugonjwa gani, kwa kuwa mara nyingi mgonjwa huyo alikuwa wake. Mtu akizisoma barua za Brydone na juzuu za Pitrè pamoja, atadhani zimeandikwa juu ya miji miwili.

Msafiri anayekuja leo atayakuta karibu yote aliyoyaona Mskoti yule, kwa kipimo kidogo na kwa taa za umeme. Gari hutengenezwa upya, mara nyingi kwa umbo la jahazi, na sanamu ya Rosalia husimama juu yake. Usiku wa tarehe 14 Julai hushuka Cassaro kutoka upande wa jumba la wafalme na kanisa kuu. Hufika Quattro Canti, njia panda ya mji wa kale, ambapo kila pembe ina ukuta wa mapambo, na juu kabisa ya kila ukuta amesimama mmoja wa wale wasimamizi wanne wa zamani. Kila mwaka, basi, Rosalia hupita chini ya macho ya Agata, Cristina, Ninfa na Oliva, ambao yeye ndiye aliyewaondoa katika nafasi yao. Hapo gari husimama, meya hupanda na maua, na kupaza sauti kuwatakia maisha Palermo na Santa Rosalia, umati humwitikia. Kisha gari huendelea hadi lango la Porta Felice na ufuoni, na baada ya usiku wa manane fataki huanza. Watu hula konokono wadogo waliopikwa kwa vitunguu saumu, pweza wa kuchemsha, mahindi ya kuchemsha, dengu za kukaanga na matikiti. Kesho yake, tarehe 15, hufuata maandamano ya kanisa, na humo huchukuliwa sanduku la fedha la mwaka 1631 lenye mifupa. Mgeni wa kawaida huwa amekwisha kulala, au amekwisha kuondoka.

Julai 2020, kwa sababu ya korona, umati haukuruhusiwa. Sikukuu iliyozaliwa na maradhi ikazuiwa na maradhi, na wazee wa mji hawakuhitaji kuelezwa maana yake.

Ama sikukuu ya mlimani, hiyo haina gari. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Septemba watu hupanda Monte Pellegrino kwa njia ya zamani iliyotandikwa mawe, ile inayopinda na kurudi mgongoni mwa mlima. Wenyeji huita tendo hilo acchianata, kupanda. Wengine hupanda pekupeku kwa sababu waliahidi. Wachache humalizia kwa magoti. Hakuna cha kutazama ila migongo ya walio mbele na taa za mji zinazozidi kuwa ndogo chini. Kwa msafiri ni usiku mgumu kuuandikia barua.

Na hapa ndipo palipoingia wageni wa namna nyingine, ambao hawakuja kwa matembezi. Tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Sri Lanka mwaka 1983, Watamili wengi walikimbilia ng'ambo, na baadhi yao wakatua Palermo, ambako walipata kazi za nyumbani na za kulea wazee. Wengi wao ni Wahindu. Katika miaka hiyo walianza kupanda Monte Pellegrino, si Septemba tu bali Jumapili kwa Jumapili, kuomba kwa Santa Rosalia, na leo kuwakuta pangoni si jambo la kumshangaza mwenyeji. Hawakubadili dini. Hawakumuuliza mtu mifupa ni ya nani. Labda mlima, pango na maji yadondokayo ni lugha waliyokuja nayo kutoka kwao. Labda pia binti aliyeacha nyumba ya baba yake akakaa mahali pasipo na mtu haihitaji kufasiriwa kwa mkimbizi. Palermo, kwa upande wake, ilikuwa na zoezi la kale la mambo haya: mwaka 1652 baraza la mji lilimchagua kuwa msimamizi wake mwingine Benedetto, mtawa mweusi aliyefariki mwaka 1589, mwana wa watumwa Waafrika, karne moja na nusu kabla ya Roma kumtangaza mtakatifu mwaka 1807.

Hao Watamili ni wasafiri pia, na hadi sasa kitabu chao juu ya sikukuu ya Palermo hakijatafutwa na mchapaji yeyote. Wanafika juu na viatu mkononi, pamoja na wanawake wa Kalsa na vijana wa vitongojini, wanainama kupita mlangoni. Mtu huweka mshumaa. Mwingine huweka picha ndogo ya mtoto. Juu ya vichwa vyao maji yanaendelea kudondoka katika mifereji, yakielekezwa pembeni, na wachache huyakinga kwa kiganja kabla ya kuanza kushuka.